Mwalimu mmoja, vichwa vitatu

Kufikia katikati ya Januari alikuwa ameshafanya usaili mara tano, na mara zote tano mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mwalimu wa kemia, miaka tisa darasani, minne ya mwisho akifundisha Diploma ya IB, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mumewe ni mhasibu. Binti yao alikuwa na miaka minne na miezi. Walitafuta shule ya kimataifa itakayowapokea wote watatu mwezi Agosti, na kila shule iliyomsikiliza ilimwandikia siku chache baadaye ile barua inayoanza kwa kumshukuru.

Aliponijia hakuja kuzungumzia familia. Alikuja na barua yake ya maombi nimwangalizie kama lugha ina kasoro, na video ya somo la majaribio. Barua ilikuwa nzuri, somo zuri zaidi. Kuna pale alipomwacha mwanafunzi akosee mlinganyo mzima ubaoni, kisha akamwuliza swali moja tu na yule mtoto akaufuta mwenyewe. Mwalimu wa hivyo hakataliwi kwa sababu ya ufundishaji. Nikamwomba anisimulie dakika kumi za mwisho za kila usaili, neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka.

Wa tatu ulikuwa hivi. Mkuu wa shule kwenye skrini, pembeni yake mama wa rasilimali watu ambaye hakusema kitu muda wote.

"Na familia yako, Mwalimu?"

"Nina mume na mtoto mmoja."

"Mume naye ni mwalimu?"

"Hapana, ni mhasibu. Tukifika atatafuta kazi."

"Sawa, vizuri." Mkuu akainama akaandika kitu, akahamia kwenye swali la michezo ya jioni.

Yeye aliona ni mazungumzo ya kirafiki ya kufungia kikao. Mimi niliwahi kukaa upande ule mwingine wa meza, miaka kadhaa nikiwa mkuu wa idara, kwa hiyo najua kilichoandikwa. Kwetu ilikuwa tarakimu mbili na alama ya kujumlisha: 1+2. Mwalimu mmoja, wategemezi wawili. Mwombaji aliyefuata pengine aliandikiwa 2+1, na yule wa jana yake 1+0.

Shule huhesabu vichwa

Shule inapomleta mwalimu kutoka nchi nyingine, mshahara ni sehemu tu ya bili. Kuna nauli ya kuja, mara nyingi na ya likizo kila mwaka, bima ya afya, nyumba au posho ya nyumba, gharama za viza, na kiti cha mtoto darasani. Mshahara hulipwa kwa kazi. Hivyo vingine, kwa sehemu kubwa, hulipwa kwa idadi ya watu. Mume na mke walio walimu wote, wenye mtoto mmoja, ni watu watatu katika nyumba moja wanaojaza nafasi mbili za kazi. Familia ya Mwalimu wetu nayo ni watu watatu katika nyumba moja, tiketi ni zilezile tatu, ila nafasi inayojazwa ni moja. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati aliyeoana na mwalimu wa fizikia hupata ofa mbili tatu kabla hajanyoosha miguu, na kijana asiye na mke wala mtoto huonekana rahisi hata akiwa na uzoefu wa miaka mitatu tu.

Inauma, lakini sijawahi kuona chuki ndani yake. Shule zenye uungwana huandika kwenye tangazo lenyewe kwamba zinatafuta mtu asiye na wategemezi au wenzi wanaofundisha wote wawili, na unapita moja kwa moja kwenye tangazo jingine. Zinazokupotezea muda ni zile zinazosema "familia zinakaribishwa" halafu zinakupima kimyakimya.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo ninapotofautiana nao. Kichwa hakigharimu sawa kila mahali. Mtoto yuleyule, wa umri uleule, shule moja anaigharimu ada nzima ya mwaka na nyingine karibu bure.

Kuna kesi ya Uingereza inayoonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa. Ni Pepper dhidi ya Hart, iliyoamuliwa mwaka 1992 na Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Hart na wenzake walikuwa watumishi wa Malvern College, na watoto wao walisoma hapohapo kwa kulipa moja ya tano ya ada. Watu wa kodi walidai faida ile ikadiriwe kwa wastani: gharama zote za shule zigawanywe kwa idadi ya wanafunzi, na mwalimu atozwe kodi kwa msingi huo. Walimu wakasema hapana, shule ilikuwa na viti vitupu, na kumweka mtoto kwenye kiti kitupu kunaongeza chakula, ufuaji na vifaa vya kuandikia tu, ambavyo ile moja ya tano ilikuwa imeshavilipia. Walimu walishinda. Wanasheria huikumbuka kesi ile kwa sababu nyingine kabisa, habari ya kutumia kumbukumbu za Bunge kufasiri sheria, lakini mwalimu mwenye mtoto anayetafuta kazi angefaa kuijua kwa sababu ya vile viti.

Maana hesabu ni ileile. Kama darasa la chekechea lina orodha ya wanaosubiri, mtoto wa mwalimu amekalia kiti ambacho mzazi mwingine angekilipia kesho asubuhi. Kama darasa lina watoto kumi na moja na uwezo wake ni kumi na wanane, mtoto huyo ni wa kumi na mbili na hakuna aliyepoteza chochote. Nyumba ni vivyo hivyo. Shule inayotoa posho humwongezea pesa mwenye familia. Shule yenye nyumba zake ndani ya uwanja imeshazijenga, na nyumba ya vyumba viwili iliyo wazi haina habari kama wataingia watu wawili au watatu.

Tukazirudia zile shule tano. Nne zilikuwa na orodha ya kusubiri kwenye madarasa ya chini, na zilijisifia hilo hadharani kwenye kurasa zao za udahili. Tatu zilitoa posho ya nyumba kwa fedha taslimu. Mwalimu alizichagua kwa majina yake makubwa, akidhani shule kubwa ndiyo yenye uwezo wa kubeba familia. Uwezo zinao. Sababu ndiyo hazina, kwa kuwa maombi ya walimu wa 2+1 yamejaa mezani.

Alichokuwa nacho mkononi bila kukitumia ni somo lake. Kemia ya Diploma, tena anaweza kushika fizikia ya kidato cha chini. Hilo halipatikani kila kona kama walimu wa darasa la msingi. Angekuwa mwalimu wa darasa la tatu ningemshauri tofauti kabisa, pengine asubiri mumewe apate kwanza kazi ya nje, yeye ndiye amfuate.

"Tukifika atatafuta kazi"

Jibu hili ndilo lililowaponza zaidi ya hesabu yenyewe.

Mkuu wa shule hamwulizi mume kwa udaku. Anauliza kwa sababu ameshashuhudia jinsi mikataba inavyovunjika. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili, na mwalimu anayeondoka baada ya mwaka mmoja, au mbaya zaidi baada ya Krismasi, huiacha shule ikitafuta mtu wa kemia katikati ya mwaka wa mitihani. Ukiuliza ni kwa nini waliondoka, mara nyingi kazi haina kosa. Kosa liko nyumbani: mtu mzima mwenye taaluma yake, aliyezoea kuamka na kwenda ofisini, anashinda ndani ya fleti akisubiri mwenzake arudi. Kwa hiyo "atatafuta kazi" masikioni mwa mwajiri ni sawa na kusema hatujafikiria.

Usaili wa tano ulikuwa wa shule iliyoko Singapore, na safari hii Mwalimu alijiandaa. Mumewe alikuwa amesoma mahali kwamba mwenye kibali cha mtegemezi huomba barua ya idhini tu, mwajiri akamchukua. Akalisema hilo kwa kujiamini. Mama wa rasilimali watu wa shule ile, safari hii akazungumza: utaratibu huo ulibadilika tarehe 1 Mei 2021, na tangu hapo mtegemezi anayetaka kuajiriwa kwa kawaida anahitaji kibali chake mwenyewe cha kazi, kwa vigezo vilevile vya mgeni mwingine yeyote. Jibu la uongo lisilokusudiwa, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni vibali. Afadhali angenyamaza.

Basi tukaigeuza kazi. Badala ya kuanza na orodha ya shule tukaanza na orodha ya nchi, na swali likawa la mume, siyo la mke. Sheria zinatofautiana mno. Hong Kong, mwenzi wa mtu aliyeingia kwa viza ya ajira kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi bila kuomba ruhusa nyingine. Uholanzi, mwenzi wa mtaalamu aliyeingia kwa mpango wa wataalamu wa kigeni huwa huru kuajiriwa. Uingereza nayo humruhusu mwenzi wa mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Japani, mtegemezi huomba ruhusa na huishia saa 28 kwa wiki. China humpa mwenzi viza ya S1 na kibali cha kuishi, lakini kibali hicho si cha kazi. Thailand, mwalimu huingia kwa viza ya B na familia kwa ile ya O, na huyo wa O hawezi kuajiriwa hivihivi tu. Falme za Kiarabu, mume anayeishi kwa udhamini wa mkewe anaweza kuajiriwa. Mwajiri anamwombea kibali cha kazi na ukaazi unabaki palepale kwa mke.

Kabla ya kukata nchi yoyote nilitaka kumsikia mume mwenyewe. Wiki zote zile nilikuwa naongea na mkewe, na yeye anatajwa tu, kama mzigo unaosubiri kupimwa uwanja wa ndege. Tukapiga simu watu watatu. Nikamwuliza: unaweza kukaa miaka miwili bila kazi?

Akacheka. Halafu kimya kidogo.

"Mwaka mmoja naweza, nitamlea mtoto na kumalizia mtihani wangu. Miwili nitaanza kugombana na makochi."

Sentensi hiyo iliiondoa China na Thailand kwenye orodha kwa sekunde moja, na iliwaokoa na mengi. Familia nyingi huzungukana hapa. Mume anasema "twende tu, tutaona," kwa kuwa hataki kuwa ndiye aliyemzuia mkewe, na mke hamhoji kwa kuwa anataka kwenda. Wanaona kweli, mwezi wa tano, na wanaona vibaya.

Mhasibu ana bahati yake. Huyu alikuwa amebakiza mtihani mmoja wa ACCA, sifa ya uhasibu inayotambulika kimataifa, na taratibu za hesabu za kimataifa ni zilezile ukivuka mpaka. Angekuwa wakili, au muuguzi, leseni mpya ya nchi mpya ingeweza kula mwaka mzima. Kuna pia njia ya ndani ya shule: ofisi ya fedha, udahili, bweni, mwalimu wa kushikilia kipindi. Ni njia halali na nimeona watu wakistawi humo, ila huajiriwa kwa masharti ya wenyeji, mshahara wa pale pale bila nyumba wala tiketi, na jambo hilo humkwaza mwenye digrii mbili asipoelezwa mapema.

Kuhusu kufanya kazi kwa kompyuta kwa mwajiri wa nyumbani, ambalo kila mtu hulitaja kama dawa, niliwaambia walifungie kabatini kwanza. Nchi nyingine huhesabu kazi ni kazi hata kama mwajiri yuko bara jingine, na ukiishi humo zaidi ya siku 183 katika mwaka, nchi nyingi zitakuona mkaazi wa kodi. Anayetaka aulize kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi.

Marekebisho

Tulibadilisha mambo machache. Kwenye wasifu wake, ukurasa wa kwanza, chini ya jina, tuliongeza mstari mmoja: ameolewa, mume ni mhasibu mtahiniwa wa mwisho wa ACCA, mtoto mmoja atakayeingia chekechea Agosti. Alisita. Kwa nini ajitangazie udhaifu kabla hajaonekana? Nilimjibu kwamba shule isiyoweza kubeba 1+2 itamkataa siku yoyote itakapojua. Swali ni kama imkatae kabla ya kumpotezea wiki tatu au baada. Pia wasifu wake kwenye Search Associates, moja ya mawakala wakubwa wa ajira za shule hizi, una sehemu ya wategemezi ambayo alikuwa ameijaza nusu. Mkuu anayechuja majina usiku akikuta nusu, hapigi simu kuuliza.

Jibu la "mume atafanya nini" likaandikwa na mume mwenyewe, kwa maneno yake. Miezi sita ya kwanza atakaa na mtoto na kumaliza mtihani. Baada ya hapo ataomba kazi, na sheria ya nchi yenu inamruhusu kwa utaratibu huu. Mwalimu akalisema mpaka likawa lake.

Na wakati. Shule zinazofungua Agosti huwataka walimu wao waseme kama wanabaki au wanaondoka kati ya Oktoba na Desemba, matangazo humiminika, na maonyesho makubwa ya ajira hufanyika karibu na Januari. Mwalimu alipokuwa ananijia Januari, wimbi la kwanza lilikuwa linakwisha na aliamini mwaka umempita. Kwa mtu wa 2+1, kweli wimbi la kwanza ndilo lake. Kwa 1+2 nadhani wimbi la pili ni bora, Machi hadi Mei, pale mtu aliyesaini anapojitoa, au mama wa mtu anaugua, na shule inabaki na maabara isiyo na mwalimu. Siku hizo mkuu haandiki tarakimu tena. Anauliza unaweza kuanza lini.

Machi zikaja shule mbili katika wiki moja, zote ndogo, zote zenye viti vitupu chekechea. Hapo likazuka jambo ambalo hawakuwa wameniambia: binti alikuwa anahudhuria kwa mtaalamu wa matamshi mara moja kwa wiki. Alichelewa kusema, na sasa anasema, ila herufi nyingine bado zinamtatiza. Waliliona dogo, na walikuwa wamekubaliana wasilitaje kwenye fomu ya udahili.

Niliwasihi walitaje. Ajira ya mzazi mara nyingi hufungwa na udahili wa mtoto, na shule ya kimataifa ya binafsi hailazimiki kila mahali kumpokea mtoto ambaye haina mtu wa kumsaidia. Mkishafika, mwalimu wa chekechea atagundua wiki ya kwanza. Je, mtataka mazungumzo hayo mkiwa mmeshauza samani zenu? Wakatuma ripoti ya mtaalamu. Shule moja ikajibu kwa adabu kwamba haina huduma hiyo na ikajitoa. Baba alinyong'onyea sana siku ile. Alisema ni kama binti yake ndiye aliyefeli usaili. Ile ya pili, iliyoko Falme za Kiarabu, ikasema ina mtaalamu anayekuja siku mbili kwa wiki, malipo ni ya mzazi, karibuni.

Kusoma ofa

Barua ya ofa ilikuwa kurasa nne, na Mwalimu aliisoma kama wengi wanavyosoma: mshahara, tarehe, saini. Tukaisoma upya kwa vidole, tukitafuta neno mtegemezi kila lilipo.

Kifungu cha nauli kilisema "mwajiriwa". Hakikusema mwajiriwa na familia. Kifungu cha bima kilisema mwajiriwa na wategemezi wanaoishi naye, vizuri. Kifungu cha nyumba kilisema fleti yenye samani, bila kutaja vyumba vingapi. Kifungu cha ada kilimpa mtoto mmoja nafasi bila malipo "kuanzia darasa la kwanza", na binti alikuwa anaingia chekechea, madarasa mawili chini. Hakuna uongo humo. Ni barua iliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu asiye na familia, kisha ikatumwa kwa mwenye familia bila mtu kuigusa.

Aliandika barua pepe fupi yenye maswali manne na hakuomba radhi kwa kuuliza. Shule ikakubali vyumba viwili na nusu ya ada ya chekechea, ikakataa nauli za mume na mtoto kwa mwaka wa kwanza lakini ikaziingiza kwenye likizo ya mwaka. Nikampa swali la tano, ambalo watu husahau: faida ya ada inatozwa kodi? Zipo nchi ambako kiti cha bure cha mtoto huhesabika kuwa kipato, na waliokuwa na Hart wanajua ubishi wake. Nchi ile haitozi kodi ya mapato kwa mshahara, kwa hiyo likaisha hapo, ila shule ingekuwa kwingine lingeweza kubadilisha hesabu nzima.

Hawakusaini siku ile. Walikaa usiku mmoja na karatasi, wakaandika bajeti mbili: moja kama mume hana kazi miezi 12, nyingine kama ana kazi mwezi wa saba. Ya kwanza ilibana lakini haikuvunjika. Wakasaini asubuhi.

Karatasi

Hapa ndipo palipochosha kuliko pote, na sina namna ya kupafanya pavutie. Falme za Kiarabu hazimo katika Mkataba wa Apostili wa mwaka 1961, ule unaofanya muhuri mmoja utoshe kati ya nchi wanachama. China, kwa mfano, iliingia na mkataba ukaanza kufanya kazi kwake tarehe 7 Novemba 2023. Kwa nchi isiyokuwemo, cheti hupita ngazi baada ya ngazi, kutoka kwa aliyekitoa hadi wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi, kisha wizara ya kule uendako. Digrii ya Mwalimu, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Vyeti vya polisi kutoka kila nchi ambayo Mwalimu amewahi kuishi. Mwalimu aliwahi kusoma Uingereza, akalazimika kuomba pia cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto kinachotolewa na ACRO, ofisi ya kumbukumbu za jinai ya huko.

Cheti cha ndoa kiliandika jina la pili la mume kwa herufi moja zaidi ya ile iliyo kwenye pasipoti. Herufi moja. Miaka saba hakuna aliyeigundua. Karani wa ubalozi aliigundua kwa kuangalia mara moja, akaisukuma karatasi nyuma chini ya kioo bila kusema neno. Kurekebisha kulichukua wiki tano, na foleni ya ubalozi ikaanza upya.

Kwa kuwa mke ndiye mdhamini, ilibidi yeye aingie kwanza, apate ukaazi, ndipo aombe wa mume na mtoto. Hakuna shule iliyowaeleza hivyo wakati wa usaili. Picha kwenye tovuti zinaonyesha familia nzima ikishuka pamoja. Mwalimu alianza kazi Agosti akiwa peke yake ndani ya fleti ya vyumba viwili. Mume na mtoto walifuata baada ya wiki saba, na binti aliingia chekechea wenzake wakiwa wameshajuana majina. Ningewashauri tena leo, ningewaambia watafute cheti cha ndoa Oktoba, siku ileile ya maombi ya kwanza, kabla ya kugusa wasifu. Wakati ule sikuwaza. Nilikuwa nimezama kwenye tarakimu za shule nikasahau za karani.

Mume alimaliza karatasi yake ya mwisho Desemba. Kazi aliipata mwezi wa tisa tangu kufika, siyo wa saba, kwenye kampuni ya usafirishaji, mshahara mdogo kuliko aliouacha. Mwalimu ana maabara mbili na anazilalamikia zote. Binti bado anakwenda kwa mtaalamu wa matamshi siku ya Jumanne, na herufi moja imebaki.

Oktoba hii wamepewa fomu ya kusema kama wanabaki kwa mwaka wa tatu. Inataka saini moja, ya mwajiriwa. Mwalimu amenitumia picha yake na kuniambia kwamba fomu iko juu ya friji tangu Jumapili, na kwamba safari hii anayeisoma ni mumewe.